Bila kikomo? Kikomo ni barua 200 kwa saa!

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina hasira, tena hasira ya miezi kadhaa, na afadhali niimwage hapa kuliko kummwagia kijana wa huduma kwa wateja ambaye kusema kweli hana kosa.

Ukitafuta mahali pa kupangisha tovuti, iwe hapa Kenya au ng'ambo, tangazo ni lile lile. Nafasi ya diski: bila kikomo. Data: bila kikomo. Anwani za barua pepe: bila kikomo. Chini yake bei ya mwaka, kitufe cha kijani, na picha ya dada amevaa vifaa vya masikioni akitabasamu kana kwamba hajawahi kuona seva ikizimika. Sasa nawauliza: hizo anwani zisizo na kikomo zinaruhusiwa kutuma barua ngapi kwa saa moja? Haijaandikwa. Soma masharti ya huduma mpaka chini kabisa, utakuta sentensi moja inayosema kampuni ina haki ya kudhibiti matumizi ili kuwalinda wateja wengine. Nambari hakuna. Mimi nambari yenyewe niliijua baada ya mazishi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Mimi ni fundi wa kujitolea wa jumuiya ya mtandaoni ya watu tuliosoma shule moja ya bweni. Silipwi. Ukishasomea sayansi ya kompyuta, kila chama unachoingia wewe ndiye fundi, kama vile daktari anavyoonyeshwa vidonda harusini. Tuko wanachama 1,140. Kuna walioko Nairobi, Eldoret, Kisumu na Mombasa, kuna walioko Doha na Minnesota, kuna wazee waliomaliza kidato cha sita wakati bado kilikuwepo, na kuna watoto waliomaliza juzi. Humo watu hutafutiana kazi, huuziana mashamba (na kugombana juu ya hayo mashamba), na zaidi ya yote huchangiana. Harusi, karo, hospitali, matanga.

Najua mnachotaka kuuliza: kwa nini si WhatsApp? Kwanza, kundi la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024, na sisi tumepita hapo. Pili, jaribu kukaa na watu elfu moja katika kundi moja wiki nzima uone utakachosoma. Lakini sababu kubwa ni kwamba laini za simu hubadilika. Wazee wetu wengine wamebadilisha nambari mara nne mara tano, ila anwani ya barua pepe ni ile ile waliyofunguliwa na kijana wa saiba mwaka 2003. SMS nayo hulipiwa moja moja. Kwa hivyo tangazo la kamati likitoka, linatoka kwa barua pepe.

Jumatatu moja mwezi wa Machi mwenzetu alifariki. Kamati ikaandika tangazo: mkutano wa mchango Jumatano, ibada Alhamisi, mwili kusafirishwa Ijumaa usiku, mazishi Jumamosi, na nambari ya Paybill. Saa kumi jioni nikabonyeza kitufe cha kutuma. Programu, niliyoiandika kwa mikono yangu miwili, ikanijibu kwa herufi za kijani: Tangazo limetumwa kwa wanachama 1,140. Nikafunga tarakilishi, nikaenda kutafuta matatu.

Jumamosi waliokuja walikuwa wachache kiasi cha kutia aibu, na mchango ulikuwa mdogo hata kuliko wa harusi ya mtu ambaye hapendwi. Tukasema basi, uchumi ni mgumu. Kisha tarehe 1 Aprili mwanachama mmoja, aliyekaa dawati moja na marehemu tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, akampigia marehemu simu kumsalimia tu. Simu ilipokelewa na mjane.

Maneno yakaanza hapo. Nani alipata tangazo, nani hakupata? Na mtu mmoja akafanya lile ambalo Mkenya hufanya akiona orodha: akaanza kuhesabu majina. Waliopata: kina Abdi, Achieng, Akinyi, Barasa, Chebet, Cheruiyot, Gathoni. Ambao hawakupata: kina Kamau, Kiprono, Mutua, Mwangi, Njoroge, Ochieng, Omondi, Wafula, Wanjiru. Mtu wa tarakilishi akiangalia hapo anaona alfabeti. Mtu mwingine yeyote katika nchi hii haoni alfabeti hata kidogo! Wajaluo wenye majina ya O, yaani karibu wanaume wote, wameachwa, huku dada zao wa A wamepata. Wakamba, ambao majina yao yamejaa M, wameachwa karibu wote. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, akanipigia simu usiku.

"Kijana," akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani, "nani alikutuma uchague wa kupewa habari za msiba?"

"Mwalimu, mimi sikuchagua mtu."

"Basi nieleze."

Sikuwa na la kueleza. Yale maandishi ya kijani yalikuwa yameniambia 1,140.

Ilinichukua siku tatu na tiketi mbili kupewa daftari la seva la siku ile. Nikalisoma mstari kwa mstari. Barua 200 za kwanza zilitoka. Zilizofuata 50 ziliwekwa kwenye foleni zikatoka baadaye jioni ile. Zilizobaki, 890, zilitupwa. Yote hayo yalitokea ndani ya dakika mbili, na mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Kwa wasiojua, hivi ndivyo ilivyo. Kampuni nyingi za kupangisha tovuti hutumia paneli ya cPanel, na chini yake barua husafirishwa na Exim, programu iliyoandikwa na Philip Hazel pale Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Mwenye seva ana paneli yake ambayo wewe mpangaji huioni. Humo kuna kisanduku cha kuweka idadi ya juu ya barua ambazo domeini moja inaweza kutuma kwa saa. Chetu kiliandikwa 200. Hicho sina ugomvi nacho sana. Kuna kisanduku cha pili, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kinauliza: barua zikizidi kikomo, zisubiri kwenye foleni mpaka asilimia ngapi? Ukikiacha kilivyokuja, ni 125. Maana yake barua ya 201 hadi ya 250 zitangoja saa nyingine. Ya 251 na kuendelea HAZINGOJI. Hakuna foleni, hakuna kesho, ni pipa la taka.

Tuwe wa haki, taarifa za kushindwa zilikuwepo. Nilizikuta mwezi baadaye zimerundikana kwenye sanduku la barua la akaunti yenyewe ya seva, sanduku ambalo sikujua hata kama lipo, kwa sababu skripti ya PHP usipoielekeza vingine hutuma barua kwa jina la akaunti hiyo. Ni kama keateka akubandikie notisi ya kukatwa maji ndani ya tangi.

Sasa, kabla wenye kampuni hawajanirukia: naelewa kwa nini kikomo kipo. Mimi si mtoto. Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya Digital, kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, akitangaza kompyuta zao, na tangu hapo hatujapumzika. Kupangisha kwa pamoja ni kama kuishi ploti yenye mita moja ya maji. Tovuti mamia zinakaa kwenye seva moja na zote zinatuma barua kwa anwani moja ya IP. Jirani akiwa na WordPress ambayo hajaisasisha miaka miwili, mdukuzi anaingia, anatuma barua elfu hamsini za kuuza vidonge usiku mmoja, na kufikia asubuhi ile IP imeingizwa kwenye orodha nyeusi kama zile za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998. Kuanzia hapo hata barua ya kanisa inakataliwa, kwa sababu kanisa na mwizi wanatumia mlango mmoja. Kwa hivyo wekeni kikomo. Wekeni hata 100 kwa saa kama mnaogopa. Siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Ninalowalaumu ni mambo mawili: kukificha, na kutupa.

Kukificha kwanza. Baada ya mkasa huu niliandikia kampuni nne za hapa nyumbani nikijifanya mteja mpya, nikauliza swali moja tu: barua ngapi kwa saa? Moja ilijibu 100. Moja ikasema 500. Moja ikasema "inategemea". Ya nne ikajibu, naapa, "bila kikomo". Nilipowauliza mara ya pili kama wana uhakika, hawajajibu mpaka leo. Kwenye kurasa zao za bei hakuna hata moja iliyoandika nambari yake. Nikienda kununua tangi la maji Gikomba, fundi mwenyewe ananiambia hili ni lita 500 lile ni lita 1,000. Mama mboga anajua fungu lake lina majani mangapi. Lakini mtu anayeuza huduma ya kupeleka ujumbe hawezi kuniambia atapeleka ujumbe mangapi? Nambari anayo, ameiandika kwenye kisanduku chake kwa mkono wake. Haandiki kwenye tangazo kwa sababu 200 ikisimama karibu na "bila kikomo", moja kati ya hayo mawili itaonekana ni uongo.

Halafu kutupa. Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu barua pepe ilibuniwa na watu wenye subira. Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, RFC 821 ya mwaka 1982, aliweka tofauti ambayo inafanya kazi mpaka leo. Seva ikishindwa kupokea barua kwa sasa, inajibu kwa nambari inayoanza na 4: jaribu tena baadaye. Ikikataa kabisa, inajibu kwa nambari inayoanza na 5: usirudi. Na toleo la 2008 la kanuni hizo, RFC 5321, linashauri mtumaji anayengojeshwa akae angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na asikate tamaa mpaka zipite siku nne au tano. Siku nne! Wale wazee walifikiria laini zinazokatika, umeme unaopotea, seva iliyozimwa wikendi. Ukiniuliza, walifikiria Kenya bila kuijua. Na sisi leo, tukiwa na nyaya za baharini tangu 2009 na diski za bei rahisi, tunatupa barua kwa sababu imechelewa dakika mbili.

Hebu fanya hesabu. Barua 1,140 kwa kasi ya 200 kwa saa ni saa tano na dakika arobaini na kitu. Nilibonyeza saa kumi jioni. Kama zile 890 zingengoja tu, zikatoka 200 kila saa, mtu wa mwisho kwenye orodha yetu angepata tangazo kabla ya saa nne usiku siku ile ile. Jumatatu! Mazishi yalikuwa Jumamosi. Kikomo kisingevunjwa, IP ya kampuni isingechafuka, jirani asingeumia, na aliyekaa dawati moja na marehemu angekuwa amebeba jeneza.

Nilimweleza meneja mmoja hivyo kwa simu, akanipa jibu lenye maana kidogo, na nitalitaja. Alisema wakiacha kila kitu kingoje, ile tovuti iliyodukuliwa itarundika barua taka elfu hamsini kwenye foleni na diski itajaa. Sawa. Basi zizuieni, mtume ujumbe mmoja kwa mteja: domeini yako imezidisha, tunashikilia barua 890, je, ni zako? Mteja halali atajibu ndani ya nusu saa. Mwizi hatajibu kamwe. Akaniambia hawana njia ya kuwafikia wateja haraka kiasi hicho. Hapo nikacheka, samahani. Bili ya mwaka ikikaribia, barua zao hunifikia siku 30 kabla, siku 15, siku 7, siku 3, na siku yenyewe asubuhi na jioni, pamoja na SMS. Hizo hazijawahi kutupwa hata moja.

Jibu lao la pili, na utalisikia kila mahali, ni "hamia seva yako binafsi". Ukisikia hivyo uliza bei, halafu uliza kuhusu mlango namba 25. Google Cloud huzuia barua kutoka kwa mlango huo, Amazon EC2 nayo huufunga mpaka uombe, na hata ukifunguliwa unaanza na IP mpya ambayo Gmail haijawahi kuisikia, kwa hivyo barua zako zinaenda moja kwa moja kwenye taka. Unakuwa umehama ploti ukaenda kujenga porini pasipo barabara. Kwa chama cha matanga? Hapana.

Haya, sasa niwageukie wenzangu, kwa sababu nusu ya lawama ni yetu na mimi niko mstari wa mbele.

Ile programu yangu ilikuwa na kitanzi cha mistari sita. Chukua orodha ya wanachama kwa mpangilio wa jina la mwisho, kwa kila mmoja ita mail(), ikirudisha kweli ongeza moja kwenye hesabu, mwisho andika hesabu kwa kijani. Tatizo ni kwamba "kweli" ya mail() ni ndogo mno. Maana yake ni kuwa programu ya barua iliyo kwenye seva hiyo hiyo imepokea karatasi mkononi. Haisemi kama ameipeleka, wala kama imefika, na mwongozo wa PHP wenyewe unakuambia hivyo wazi. Nilikuwa nimeusoma. Nikaandika "limetumwa" kwa sababu ni neno zuri na wenye kamati walilipenda. Chuoni tulifundishwa kupanga orodha kwa njia saba tofauti, tukahesabu ipi ni ya haraka. Hakuna aliyetuuliza ni nini kitatokea orodha ikikatika katikati. Na ninajua si mimi peke yangu. Nimefungua mifumo ya makanisa, ya shule, ya vyama vya akiba, nimekuta kitanzi kile kile na uongo ule ule wa kijani. Kampuni inatupa, sisi tunaandika stakabadhi kwamba imefika.

Nilichofanya sasa si ufundi mkubwa, na yeyote anaweza kukiiga. Tangazo halitumwi tena. Linaandikwa kwenye jedwali la hifadhidata, safu moja kwa kila mwanachama, na hali yake. Kila dakika tano cron huamka, huchukua barua 15, huzitoa, hulala. Hiyo ni 180 kwa saa, na 20 zinazobaki ni za watu waliosahau neno la siri, kwa sababu hizo nazo zinakula kikomo kile kile (siku ile ya Machi, mtu ambaye angebonyeza "nimesahau" saa kumi na robo angengoja bure, na hata yeye angedhani tumemfungia nje makusudi). Msiba na hospitali hutangulia, mashamba hungoja. Zile arifa za fulani amekujibu, ambazo zilikuwa zikitoka moja moja mchana kutwa, sasa zinakusanywa katika barua moja ya jioni. Anwani ya kurudishia barua zilizoshindwa ni sanduku ambalo katibu na mimi tunalifungua kila siku. Na orodha inachanganywa upya kila mara, ili ikikatika tena isikatike kwa kabila.

Hilo sanduku limetufundisha mengi. Anwani za Yahoo za enzi za saiba, nyingi zimekufa. Yahoo mwaka 2013 walianza hata kuwagawia watu wapya majina yaliyoachwa, kwa hivyo inawezekana matangazo yetu ya matanga yamekuwa yakimfikia mtu asiyetujua. Tumefuta anwani zaidi ya mia moja. Hilo lina faida nyingine: mwenye seva akitaka, anaweza pia kuifungia domeini ambayo barua zake nyingi zinashindwa, hata kama haijafika kikomo.

Katibu alikuwa amependekeza tutume kwa Gmail yake. Mwisho wa Gmail ya bure ni 500 kwa siku, tungehitaji siku tatu. Tukaishia kwa Amazon SES. Wanatoza dola 0.10 kwa barua 1,000. Tangazo moja kwa wanachama wetu wote haligharimu hata shilingi 20, yaani chapati moja ya kibandani! Tazameni jambo hili: akaunti mpya ya SES ina kikomo kikali kuliko cha kampuni yangu. Ni barua 200 kwa saa 24, si kwa saa moja, tena kwa anwani ulizothibitisha tu, mpaka uandike maombi na kueleza wewe ni nani. Lakini nambari hiyo imeandikwa kwenye maelezo yao, paneli inakuonyesha umetumia ngapi, na ukiivuka programu yako inapewa kosa pale pale, mkononi. Sikukasirika hata kidogo. Nilingoja, nikaomba, nikapewa. Kikomo ni kile kile cha 200, tofauti ni kwamba huyu amekiandika mlangoni.

Nitaambiwa basi suluhisho lipo, nyamaza. Hapana. Kuhamia huko nililazimika kuwa na kadi ya kulipia dola, kuingiza rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye DNS, na kujua kwamba tangu 2024 Google na Yahoo wanawadai wanaotuma barua nyingi rekodi hizo zote tatu na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kwamba hata sisi wadogo tusipokuwa na SPF au DKIM tunakataliwa. Mimi hiyo ni kazi yangu. Mweka hazina wa kwaya, aliyelipa elfu chache ili jumuiya yake iwe na mahali mtandaoni, atajuaje? Yeye alisoma "bila kikomo" akaamini, kama ambavyo mtu mzima yeyote huamini maandishi. Na siku yake ya msiba ikifika ataona kijani.

Kwa hivyo madai yangu kwa wenye kampuni ni haya, na hayahitaji seva mpya wala mkopo. Andikeni nambari kando ya bei: kwa saa, kwa siku, na kama mpokeaji mmoja ni barua moja. Zikizidi, shikilieni, msitupe, na mumwambie mteja kwa anwani ile ile mnayotumia kumdai. Na mumpe mteja daftari la barua zake bila tiketi mbili na siku tatu. Nimewaandikia wa kwetu hayo yote. Nilipata jibu la papo hapo: Ndugu mteja, tumepokea tiketi yako. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Mkataba wetu unaisha Novemba.

Kwa wanachama niliandika maelezo marefu, na mchoro wa alfabeti, na hesabu. Wengi walielewa. Mmoja akanijibu kwamba siku hizi hata mashine zina kabila, na sidhani alikuwa anatania. Yule wa dawati moja hakulaumu mtu. Aliniandikia mstari mmoja akiomba lile tangazo la Machi, kama bado ninalo, nimtumie hata sasa, analitaka aliweke. Nilimtumia. Kwenye daftari inaonyesha lilimfikia kwa sekunde nne.